Steven Kanumba: Jasho la Msanii na Nakala ya Bure

Kutoka Mwenge hadi Sinza si mbali, na huko Sinza kuna eneo linaloitwa Vatican. Ndiko alikoishi Steven Kanumba, na ndiko alikofariki ghafla usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Tarehe 10 umati mkubwa ulifurika viwanja vya Leaders kumuaga, akazikwa katika makaburi ya Kinondoni.

Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Jijini Dar es Salaam alijiunga na kikundi cha Kaole Sanaa, akajulikana kupitia tamthilia za Jahazi na Dira zilizorushwa na ITV. Mwaka 2006 alicheza katika Dar 2 Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria.

Hakutaka kubaki mwigizaji wa kuitwa tu. Alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film, akawa mtayarishaji pia. Miongoni mwa kazi zake ni Uncle JJ, ambamo watoto walipewa nafasi kubwa, na Devil Kingdom aliyocheza na Ramsey Nouah.

Lakini kutengeneza filamu ni jambo moja, kuifikisha kwa mtazamaji ni jingine. Enzi zile mtayarishaji kwa kawaida aliiuza filamu iliyokamilika kwa msambazaji, naye akazalisha DVD, mara nyingi hadithi moja ikigawanywa sehemu mbili. Malipo yalitegemea idadi ya nakala zinazotarajiwa kuuzwa. Hivyo kila nakala feki iliyouzwa mtaani, na kila kibanda cha video kilichoonyesha filamu bila ruhusa, viliwapunguzia kipato waigizaji, wapiga picha na wahariri, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu 1999.

Jambo hili si la Bongo peke yake. Mfaransa Georges Méliès, mwenye kampuni ya Star Film, alitoa filamu yake ya safari ya mwezini mwaka 1902. Huko Marekani wengine waliidurufu na kuiuza bila kumlipa. Baadaye kampuni yake ilianguka, na uzeeni akawa muuza midoli katika stesheni ya treni mjini Paris.

Si vigumu kuamini kwamba katika umati uliomlilia Kanumba walikuwamo waliomfahamu kupitia nakala feki. Walimpenda kweli, lakini mapenzi yao hayakumfikishia hata shilingi moja. Siku hizi DVD zimepungua, ila filamu bado zinajazwa kwenye flashi na kurushwa kwa simu bila mwenye kazi kulipwa.

Basi, vijana wa parokia au waseminari wanapoandaa jioni ya filamu, tuanze kwa kuuliza filamu hiyo ni ya nani, na kama ametoa ruhusa au amelipwa. Kumuenzi msanii aliyekwisha kututoka kunaanza kwa kuwatendea haki walio hai.