Max Planck na mgongo wa baba

Likizo iliyopita nilifika nyumbani Rau jioni, nikamkuta baba amekaa barazani na karatasi tatu mapajani. Baba alikuwa mpagazi wa mlima, mgumu kama tunavyowaita huku kwetu, kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipanda Kilimanjaro na mizigo ya wageni hata kabla watu hawajaanza kupima kilo 20 getini. Sasa mgongo umegoma. Ni mwaka wa nne huu, na kuna asubuhi mama humvalisha viatu.

Zile karatasi zilikuwa majibu ya kipimo. Mahali fulani mjini alipewa fimbo ya chuma aishike kwa dakika moja hivi, kompyuta ikatoa ripoti ya ini, figo, mifupa na uti wa mgongo. Juu ya ripoti kulikuwa na neno kwantamu. Akauziwa na makopo ya dawa. Hesabu yote ilifika bei ya mbuzi wawili, na mbuzi kweli waliuzwa.

Baba akaniuliza kama hiyo kwantamu ndiyo ninayoisoma chuo. Nilijikuta sina jibu. Somo lenyewe nilishalifanyia mtihani na nikafaulu, lakini kusema ukweli nilifaulu kwa madesa ya kaka zetu wa mwaka wa tatu. Nilijua kukokotoa. Sikujua jambo hili lilianzaje, wala nani alilianzisha, wala linaingia vipi kwenye mgongo wa mtu. Basi niliporudi kampasi nikaenda maktaba, nikaanza na mtu wa kwanza kabisa, Max Planck. Nilimtafuta kwa ajili ya fizikia. Sikutegemea kukutana naye kwenye maumivu ya mgongo.

Planck alizaliwa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, tarehe 23 Aprili 1858. Baba yake alikuwa profesa wa sheria, na mwaka 1867 familia ilihamia Munich. Shuleni mwalimu wake wa hisabati aliwafundisha kwamba nishati haipotei, na alitumia mfano wa fundi mwashi anayepandisha jiwe zito juu ya paa kwa jasho. Ile kazi haijapotea, imekaa ndani ya jiwe, na siku jiwe likianguka kichwani kwa mpita njia, ndipo utaiona. Planck aliukumbuka mfano huo hadi uzeeni. Mimi nilipousoma nikamfikiria baba na mahema ya wageni, maana nadhani ile kazi yake yote nayo ilibaki mahali.

Alipotaka kusoma fizikia chuo kikuu, profesa mmoja wa Munich, Philipp von Jolly, alimshauri aache. Alimwambia fizikia imekaribia kwisha, vimebaki vishimo vidogo vya kuziba. Kijana akajibu kwamba hana haja ya kugundua kitu kipya, anataka tu kuelewa vilivyopo. Huyu hakuwa mwanamapinduzi hata kidogo. Alikuwa mtu wa nidhamu, mpiga piano hodari, na mpanda milima. Mwaka 1885 akapata uprofesa Kiel, 1887 akamwoa Marie Merck, na 1889 akahamia Chuo Kikuu cha Berlin.

Huo mwaka 1889 sisi wa Kilimanjaro tunaujua kwa jambo lingine. Ndio mwaka Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni, na mizigo yake ilibebwa na migongo ya wapagazi Waafrika. Na mwaka 1900, ambao vitabu vyetu vinausifu kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa kwanta, ndio mwaka Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi, mwezi Machi. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Simbebeshi Planck damu hiyo. Nasema tu kwamba Berlin ile ilikuwa na habari nyingi, na chuoni tunafundishwa moja.

Sasa, habari ya Desemba 1900. Mmeona mhunzi anavyochoma chuma. Kwanza kinakuwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha cheupe. Rangi hizo hazijali chuma kimetoka wapi, zinafuata joto tu. Maabara za Berlin zilikuwa zinapima mwanga huo kwa makini, na viwanda vya taa navyo vilihitaji vipimo hivyo. Kulikuwa na kanuni ya Wilhelm Wien iliyofanya kazi vizuri kwa mawimbi mafupi. Jumapili ya tarehe 7 Oktoba, Heinrich Rubens na mkewe walikwenda kumtembelea Planck nyumbani. Katika mazungumzo Rubens akamweleza kwamba vipimo vyake vipya vya mawimbi marefu vinaipinga kanuni hiyo. Jioni ileile Planck akaandika kanuni nyingine, na tarehe 19 akaitangaza. Ikakubaliana na vipimo vyote.

Tatizo ni kwamba hakujua kwa nini imekubali. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda huyu mzee. Angeweza kunyamaza akala sifa, kama sisi tunavyofanya jibu likishalingana na la nyuma ya kitabu. Yeye alikaa wiki kadhaa akipambana, mpaka akalazimika kutumia njia ambayo kwa miaka mingi hakuiamini, njia ya Ludwig Boltzmann ya kuhesabu uwezekano. Planck alipenda sheria zisizo na bahati nasibu ndani yake. Hata hivyo tarehe 14 Desemba 1900 alisimama mbele ya wanafizikia wenzake na kueleza kwamba hesabu inakubali ikiwa nishati itagawanywa kwa vifurushi, na kila kifurushi ni sawa na kasi ya mtetemo mara namba moja ndogo mno, ile tunayoiandika h. Ukiiandika kwa desimali, utaweka sifuri 33 baada ya nukta kabla hujafika kwenye 6.

Alikuwa na miaka 42. Kwa miaka mingi baadaye alijaribu kuirudisha namba hiyo ndani ya fizikia ya zamani, akashindwa. Katika kuhangaika huko, mwaka 1911, akatoa kitu kingine ambacho yeye mwenyewe hakukipa uzito mkubwa: kwamba hata ukipoza kitu hadi sifuri kabisa, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri, bado kinabaki na nusu ya kifurushi. Hakitulii kabisa. Huko ndiko ilikotokea habari ya mitikisiko ya kwantamu tunayoulizwa kwenye mtihani. Ushahidi wake mmoja ni heliamu, ambayo katika mgandamizo wa kawaida wa hewa haigandi hata uipoze vipi, kwa sababu atomu zake nyepesi haziachi kutikisika.

Ila mitikisiko hii inaonekana kwenye vitu vidogo, na hili ndilo nililomweleza baba kwa shilingi. Rusha shilingi mara 10, ukipata vichwa 7 hakuna wa kushangaa. Rusha mara milioni moja, utapata karibu nusu kwa nusu, na kuyumba kwake ni kama 500 tu kwa kawaida. Kadiri vitu vinavyokuwa vingi, kuyumba kwa kimoja kimoja kunamezwa na wingi. Mtikisiko wa kwantamu nao una mwisho wa namna hiyo: kwa atomu moja ni jambo kubwa, kwa pingili ya mgongo yenye atomu zisizohesabika, tena yenye joto la nyuzi 37, unafunikwa kabisa na joto la kawaida. Fimbo ya chuma mkononi haiwezi kuusikia mtikisiko wa uti wa mgongo kwa dakika moja. Hata kwa saa nzima haiwezi.

Baba alinisikiliza, kisha akauliza huyo Planck mwenyewe aliishia wapi.

Aliishia pabaya. Marie alifariki 1909, naye akaoa tena 1911, safari hii Marga von Hoesslin. Vita vya kwanza vilipoanza alikuwa miongoni mwa wasomi 93 walioweka sahihi tamko la kutetea jeshi la Ujerumani, jambo ambalo baadaye alijitenga nalo kwa sehemu. Mwanawe Karl aliuawa vitani 1916. Binti yake Grete alifariki 1917 kwa uzazi. Pacha wake Emma akaolewa na yule mjane wa Grete, naye akafariki 1919, kwa uzazi vilevile. Mwaka huohuo wa 1919 ndipo Planck alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1918.

Hitler alipoingia madarakani 1933, Planck alikuwa rais wa jumuiya kubwa ya utafiti ya nchi hiyo. Alikwenda kumwona, akijaribu kuwatetea wanasayansi Wayahudi, akatoka mikono mitupu. Mwaka 1935 aliongoza kumbukumbu ya Fritz Haber ingawa serikali ilikuwa imekataza. Lakini pia alibaki kwenye kiti hadi 1937, na mengi aliyanyamazia akiamini kwamba akiondoka mambo yataharibika zaidi. Tunaweza kubishana kama alikuwa sahihi. Mimi naona alichelewa.

Februari 1944 nyumba yake ya Berlin iliteketea kwa mabomu, pamoja na vitabu, barua na karatasi za maisha yake yote. Mwanawe Erwin alikamatwa baada ya jaribio la kumuua Hitler la Julai 1944. Mzee aliandika maombi ya huruma, hayakusaidia. Tarehe 23 Januari 1945 Erwin alinyongwa.

Na hapa ndipo mgongo unapoingia. Huyu mtu alikuwa akipanda milima ya Alpi hata alipopita miaka 80. Lakini mwisho wa vita, akiwa mkimbizi kule Rogätz kando ya mto Elbe, pingili za mgongo wake zilikuwa zimeshikana. Majeshi yalipokaribia, yeye na Marga walijificha msituni, wakalala kwenye majani makavu. Alikuwa na miaka 87, na maumivu yalimfanya apige kelele. Wamarekani walipopata habari zake walimpeleka Göttingen, na huko alifariki tarehe 4 Oktoba 1947. Mwaka uliofuata jumuiya aliyoiongoza ilianza upya kwa jina lake.

Mtu aliyeileta kwanta duniani aliumwa mgongo kama baba yangu, na kwanta haikumsaidia lolote pale kwenye majani.

Haina maana kwamba kwanta haijafika kwenye mgongo. Imefika, ila kwa mlango mwingine. Ile mashine kubwa ya MRI hupiga picha kwa kutumia tabia ya kikwanta ya viini vya haidrojeni mwilini, na sumaku zake nyingi hupozwa kwa heliamu ileile isiyoganda. Lakini hata picha hiyo si maumivu. Mwaka 1994 utafiti mmoja ulipiga picha migongo ya watu 98 wasioumwa chochote, na zaidi ya nusu yao walikuwa na diski iliyovimba angalau mahali pamoja.

Maumivu yana njia zake. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu kama geti, linaloweza kupunguza au kuongeza taarifa kabla hazijafika kwenye ubongo. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu yenyewe hubadilika, ikapiga kelele hata pale kidonda kilipopona. Maumivu yakizidi miezi mitatu huitwa sugu. Mwaka 2020 walioumwa kiuno duniani walikadiriwa kuwa milioni 619, na kwa walio wengi hakuna mfupa mmoja wa kulaumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasisitiza kumwelimisha mgonjwa na mazoezi, na haupendekezi ile mikanda ya kiuno inayouzwa kila kona.

Nilimwambia baba yote haya pale barazani likizo hii. Sikumwambia kwamba ametapeliwa, maana alikuwa ameshajua na aibu ilimtosha. Tulikwenda wote KCMC, wakampima, wakamfundisha mazoezi sita ya kufanya kitandani na ya kutembea. Asubuhi ya tatu alikasirika akasema bado anaumwa, yamesaidia nini. Sikuwa na jibu la haraka la kumpa, nikakaa naye tu. Siku ya kumi na mbili alitembea mwenyewe hadi kwenye mashamba ya mpunga, akarudi amechoka.

Anaumwa bado. Ila viatu sasa anavaa mwenyewe, siku nyingi. Zile karatasi tatu sikuzichoma. Nimerudi nazo kampasi, na mwenzangu yeyote wa fizikia au udaktari akitaka kuziona, aje chumbani, tuzisome pamoja kabla mzazi mwingine hajauza mbuzi.