Ingres: kazi aliyoidharau ndiyo iliyomlisha

Penseli ya kawaida, kama ile ya mtoto wa shule, iliwahi kumlisha mchoraji mmoja na mkewe kwa miaka kadhaa mjini Roma. Mchoraji huyo ni Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres.

Alizaliwa Agosti 29, 1780, katika mji wa Montauban, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake, aliyekuwa mchongaji na fundi wa mapambo, alimfundisha kuchora na kupiga fidla. Mwaka 1797 alikwenda Paris kusoma kwa Jacques-Louis David, mchoraji aliyevuma sana wakati huo. Mwaka 1801 alishinda tuzo ya kwenda kusoma Roma, lakini safari ilicheleweshwa na ukosefu wa fedha za serikali hadi 1806.

Hamu yake ilikuwa kuchora picha kubwa za rangi, zenye visa vya historia. Mwaka 1813 alimwoa Madeleine Chapelle. Haukupita muda, utawala wa Napoleon ukaanguka. Maofisa wa Kifaransa waliokuwa wateja wake wakaondoka Roma, na kipato kikaondoka nao.

Amani iliporudi, watalii walimiminika mjini humo, hasa Waingereza. Kila mmoja alitaka kurudi kwao na picha yake, na kamera zilikuwa bado hazijatokea. Ingres akashika penseli.

Alichonga ncha ikawa nyembamba sana, akachora kwenye karatasi nyeupe laini. Usoni alifanya kazi pole pole: macho, pua, midomo, na kivuli chepesi shavuni ili sura ionekane hai. Nguo aliziacha kwa mistari michache ya haraka. Kwa hiyo jicho la mtazamaji hukimbilia usoni kwanza. Mwaka 1819 alimchora hivyo Niccolò Paganini, mpiga fidla mashuhuri wa Italia.

Penseli nazo zilikuwa zimeboreshwa. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza, ilikosa madini ya kinywe, yaani grafiti, kutoka huko. Nicolas-Jacques Conté akachanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi, akauchoma. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu. Penseli zetu za leo hutengenezwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, Ingres aliona kazi hiyo inamshusha hadhi. Inasimuliwa kwamba siku moja mgeni alibisha hodi akimuulizia mtu anayechora sura ndogo. Ingres alimjibu kwa hasira kwamba anayeishi hapo ni mchoraji wa picha za rangi.

Heshima aliyoitafuta aliipata mwaka 1824, picha yake kubwa ya Mfalme Louis wa 13 iliposifiwa mjini Paris. Baadaye aliongoza chuo cha sanaa cha Ufaransa mjini Roma. Alipokuwa na uwezo, penseli aliibakiza zaidi kwa ajili ya kuwachora marafiki, akiwapa picha hizo kama zawadi.

Alifariki Paris Januari 14, 1867, akiwa na miaka 86. Makumbusho ya Montauban yana maelfu ya michoro yake, pamoja na fidla yake. Na zile sura ndogo alizozichora ili apate mkate, leo zinatunzwa katika makumbusho makubwa, na wanaojifunza kuchora huzinakili kwa mkono, mstari kwa mstari.