Mboya na kitendawili cha hazina ya wafanyakazi

THOMAS Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Asili ya jamaa yake ilikuwa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria.

Alisomea ukaguzi wa afya na kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, ambako alianza kutetea wafanyakazi wenzake. Mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lililokuja kuitwa KFL.

Adui wake mkubwa hakuwa mkoloni pekee, bali pia ukata. Ada ilikusanywa mkono kwa mkono kutoka kwa watu wenye ujira duni. Aliyelipa mwezi huu alikosa mwezi uliofuata. Chama kisicho na akiba hakingeweza kukodi ofisi wala kustahimili mgomo.

Mboya aligeukia ng'ambo. Shirikisho la kimataifa la ICFTU lilimsaidia, na baada ya ziara yake Marekani mwaka wa 1956, wafanyakazi wa huko kupitia AFL-CIO walitoa dola 35,000 za kujenga makao makuu ya KFL jijini Nairobi. Ndilo jengo la Solidarity.

Msaada huo ulizua uhasama. Wapinzani walimwita kibaraka wa Marekani, ilhali wao pia walishukiwa kufadhiliwa na nchi za Kikomunisti. Mwaka wa 1965 mvutano wa makundi hayo ulisababisha vifo mjini Mombasa.

Serikali, ambayo Mboya alikuwa waziri wake, ilivunja makundi yote mawili na kuunda COTU. Uhusiano na mashirika ya kigeni ulikatizwa, na ada ikawa inakatwa moja kwa moja kwenye mishahara. Hata hivyo, ni waziri aliyeidhinisha makato hayo, na Rais ndiye aliyeteua katibu mkuu kati ya watu watatu waliopendekezwa.

Hivyo hazina ilijaa, lakini ufunguo ukawa mikononi mwa serikali.

Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Jengo la Solidarity lilibaki kuwa makao makuu ya COTU.