Wabera na viti vilivyobaki vitupu

Daudi Dabasso Wabera anakumbukwa kwa barabara iliyopewa jina lake katikati ya jiji la Nairobi na kwa wadi moja ya mji wa Isiolo. Wapitao huko ni wengi. Wajuao kuwa aliuawa karibu na Modogashe, kusini mwa Sericho, ni wachache.

Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Wadhifa huo ulimfikia wakati mgumu. Mwaka 1962, tume iliyoundwa na Uingereza ilibaini kuwa wakazi wengi wa eneo la Kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Hata hivyo, Machi 1963 Waingereza walitangaza kuundwa kwa Jimbo la Kaskazini Mashariki ndani ya Kenya, na Isiolo ikawekwa katika Jimbo la Mashariki. Wasomali wakasusia uchaguzi wa Mei. Kenya ilipopata madaraka Juni 1, viti vya Kaskazini Mashariki vilikuwa vitupu.

Sheria ina dawa ya mbunge mtoro. Chini ya Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010, anayekosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila idhini ya maandishi ya Spika, na akashindwa kutoa maelezo ya kuridhisha mbele ya kamati, hupoteza kiti. Kifungu cha 194 kinawabana vivyo hivyo wawakilishi wa wadi, akiwemo wa Sericho. Lakini kanuni hizo humhusu aliyekwisha kuchaguliwa. Haziwezi kumwita kikaoni mtu ambaye wananchi wamekataa kumtuma.

Kazi ya kuwashawishi wananchi wenyewe ndiyo iliyomwangukia Wabera, ingawa hakuwa mbunge. Alizuru wilaya yake akiwasihi wakazi waachane na wazo la kujitenga. Juni 28, 1963, akiwa pamoja na Chifu Haji Galma Dido, kiongozi mashuhuri wa Waborana, alipigwa risasi na watu wenye silaha. Wote wawili walifariki.

Kwa vifo hivyo, serikali changa ilipoteza wenyeji wawili wa kaskazini walioweza kuzungumza na pande zote. Desemba mwaka huo hali ya hatari ilitangazwa, na vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Wafugaji wa Kiborana wa Isiolo walifungiwa katika kambi, zikiwemo za Garba Tula na Merti, na mifugo yao mingi ikaangamia.

Penye kiti kitupu, risasi ndiyo iliyosema. Hilo ndilo funzo la maisha ya Wabera kwa kila anayechaguliwa leo kutoka Isiolo: viti vya Kaskazini Mashariki vilikuwa vitupu zamani, na waliolipia gharama yake hawakuwa wanasiasa pekee.