Padre Cecil Majaliwa: Mtumwa Aliyerudi Kulea Wengine



Kwa toleo hili la ukumbusho, Kamati imetuomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu aliyewalea wenzake katika imani. Tumemchagua Padre Cecil Majaliwa. Hakuzaliwa Palma wala Mocímboa da Praia tulikotoka wengi wetu, lakini kazi yake kubwa aliifanya ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na safari yake inafanana na zetu kuliko tungependa.

Majaliwa alikuwa Myao. Akiwa mtoto alitekwa akatiwa utumwani, siku zile misafara ilipokuwa ikishuka kutoka bara kwenda Kilwa, Ibo na bandari nyingine za pwani. Alikombolewa, akalelewa Unguja na wamisionari wa UMCA. Walimsomesha Kiungani, wakambatiza Cecil, lakini jina la Majaliwa hakuliacha. Alimwoa Lucy, naye pia mtoto wa misheni. Baadaye alipelekwa Uingereza kusoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury.

Mwaka 1886 Askofu Smythies alimpa ushemasi, naye akaenda kukaa Chitangali, upande wa Newala, kwa Wayao wenzake. Tulifikirie jambo hilo. Mtu amezoea mji, amefika Ulaya, ana mke. Anakwenda kuishi kijijini katika nchi ambayo miaka minne tu kabla ilikuwa imevamiwa. Mwaka 1882 Magwangwara waliipiga Masasi, wakaua na kuteka, na wengine wakatawanyika. Watu wa Masasi walikuwa watumwa waliokombolewa, walioletwa na Askofu Steere mwaka 1876 ili wapate kwao. Wakakimbia tena. Habari hiyo sisi hatuhitaji kuelezwa.

Chitangali Majaliwa alifundisha, alihubiri, alikaa na watu. Mkubwa wa mahali pale, Nakaam, hatimaye akabatizwa, akaitwa Barnaba. Jina hilo lina maana yake: wasomaji wa Matendo ya Mitume wanajua kwamba Barnaba ndiye aliyemshika mkono Sauli wakati wanafunzi wengine walimwogopa. Mwaka 1890 Majaliwa alipewa upadre huko Unguja, kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika UMCA. Kisha akarudi Chitangali kwa watu wake.

Hapa ndipo tunaposikitika kidogo. Aliyewatia wengine moyo miaka yote, yeye alitiwa moyo na nani? Askofu Smythies, aliyemwamini, alifariki mwaka 1894. Mwaka 1897, baada ya miaka 11, Majaliwa aliondoka Chitangali na jamaa yake, akarudi Unguja. Kwa maoni yetu misheni ilimsifu sana na kumtembelea kidogo.

Makatekista wetu hapa kambini nao hupita hema hadi hema kuwafariji waliofiwa, na wengi wao wamefiwa vilevile. Kamati imekubali iwepo zamu ya kuwatembelea wao kila Jumapili baada ya ibada. Anayetaka kuingia katika zamu hiyo aandikishe jina lake shuleni, kwa mwalimu yeyote.