Rafiki wa Kariakoo

Abdulwahid Sykes alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924. Baba yake, Kleist, alikuwa mmoja wa waasisi wa African Association, chama kilichoitwa baadaye TAA. Vita Kuu ya Pili ilimpeleka Burma; baadaye akawa mkuu wa soko la Kariakoo.

Mwaka 1952 Julius Nyerere alirejea kutoka Edinburgh, akapata kazi ya ualimu Pugu. Yeye Mkatoliki, Abdulwahid Mwislamu. Wangaliweza kuamkiana tu na kuachana. Lakini Abdulwahid alimfungulia nyumba yake, akamjulisha kwa rafiki zake wa mjini.

Aprili 1953 wawili hao walishindania urais wa TAA, Nyerere akashinda. Abdulwahid hakujitenga. Tarehe 7 Julai 1954 alikuwa miongoni mwa waliounda TANU. Alifariki mwaka 1968, kabla ya kutimiza miaka 44.

Wapenzi wasomaji, ni rahisi kumkaribisha mgeni angali mgeni. Urafiki hupimwa siku anapopewa kiti tulichokitaka sisi. Je, siku hiyo mlango wetu utabaki wazi?