Bessie Coleman: Binti wa shamba la pamba aliyevuka bahari kutafuta leseni ya urubani

Juni 15, 1921, katika mji mdogo wa Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa, dada mmoja mweusi kutoka Marekani alipata leseni ya urubani inayotambulika kimataifa. Kwao, hakuna shule ya urubani iliyokuwa imekubali hata kumsikiliza.

Jina lake ni Bessie Coleman, Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kupata leseni ya kurusha ndege. Safari ya kuifikia karatasi ile haikuwa ndogo.

Alikotokea

Bessie alizaliwa Januari 26, 1892, mji wa Atlanta, jimbo la Texas (si ile Atlanta kubwa ya Georgia). Alikuwa mtoto wa 10 kati ya 13. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, na akiwa na miaka miwili familia ikahamia Waxahachie, palepale Texas.

Shule ilikuwa ya chumba kimoja, ya watoto weusi peke yao, na ilikuwa mbali, tena kwa miguu. Hata hivyo hesabu alikuwa anaziweza kweli kweli. Tatizo lilikuwa pamba: msimu wa kuvuna ukifika, madaftari yanawekwa pembeni, kila mtu anaingia shambani.

Mwaka 1901 baba yake, aliyekuwa na damu ya Wahindi Wekundu, alichoka na ubaguzi wa Texas akaondoka kwenda Oklahoma. Mama, Susan, akabaki na watoto. Bessie akasaidia kulea wadogo zake, akafua nguo za watu, akadunduliza senti. Mwaka 1910 akajiandikisha chuo cha watu weusi huko Langston, Oklahoma. Alisoma muhula mmoja tu, hela ikaisha, akarudi nyumbani kufua.

Utani wa kaka

Akiwa na miaka 23 alihamia Chicago walikokuwa kaka zake. Huko akapata kazi ya kutengeneza kucha za wateja kwenye duka la kinyozi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, wanajeshi waliorudi kutoka Ulaya walikuwa wanapita pale na stori za ndege.

Inasimuliwa kwamba aliyemchokoza zaidi ni kaka yake John, aliyekuwa amepigana Ufaransa. Siku moja aliingia dukani akaanza kumtania dada yake kwamba wanawake wa Kifaransa wanarusha ndege, jambo ambalo wanawake weusi wa Chicago hawataliweza kamwe. Utani ule ukamwingia. Bessie akaamua kuwa atakuwa rubani.

Akaanza kuzungukia shule za urubani. Kote jibu lilikuwa hapana. Alikuwa mweusi, tena mwanamke, na hapo mjadala ukawa umefungwa.

Aliyempa njia ni Robert Abbott, mwanzilishi wa gazeti la watu weusi la Chicago Defender. Ushauri wake ulikuwa mwepesi kuusema, mgumu kuutekeleza: ajifunze Kifaransa, aende Ufaransa. Bessie akaanza masomo ya lugha hukohuko Chicago, akaweka akiba, akapata na msaada wa wafadhili. Novemba 1920 akapanda meli.

Mtihani wenyewe

Alijiunga na shule ya ndugu wa Caudron huko Le Crotoy. Ndege aliyojifunzia ilikuwa Nieuport 82, yenye mabawa ya juu na ya chini, iliyoundwa kwa mbao na kitambaa. Haikuwa na usukani wa duara wala breki. Rubani alishika fimbo ya kuongozea mkononi, na miguuni akakanyaga mti wa kugeuza mkia. Baada ya kutua, ndege ilisimama kwa mkia kuburuta ardhini.

Ndege za aina ile hukuziamini kwa macho tu. Kabla ya kupaa ilibidi uizunguke: waya zimekaza? Kitambaa kimechanika? Kuna kitu kimelegea? Ukipitiwa na jambo dogo, unalikuta hewani. Bessie alilijua hilo vizuri, kwani akiwa masomoni alishuhudia mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali. Ilimtikisa, lakini kesho yake ndege zilikuwa bado zinamngoja.

Siku ya mtihani hapakuwa na pa kujificha. Alitakiwa kuruka mzunguko uliopimwa, kupanda hadi kimo kilichowekwa, kuchora umbo la nane angani, kisha kuzima injini kabla ya kugusa ardhi na kutua karibu na alama iliyopangwa. Kutua bila injini maana yake ni nafasi moja tu: ukikosea mahesabu ya mwendo na kimo, huwezi kuongeza nguvu ukajaribu tena.

Akafaulu. Kozi nzima ilimchukua miezi saba. Leseni yenyewe ilimwandika kuwa amezaliwa 1896, miaka minne mbele ya ukweli. Kwa hiyo kwenye karatasi alikuwa na miaka 25, lakini kiukweli alikuwa na 29.

Leseni ipo, kazi hakuna

Septemba 1921 alirudi New York, waandishi wa habari wakamzonga. Ila umaarufu haulipi kodi ya nyumba. Ndege za abiria zilikuwa bado hazijashika kasi, hivyo rubani wa kujitegemea aliishi kwa maonyesho: kupinduka angani, kushuka kwa kasi hadi watu wapige kelele, kisha kunyanyuka tena. Na hayo Le Crotoy hawakumfundisha ya kutosha.

Basi mwanzoni mwa 1922 akavuka tena bahari. Akafanya mazoezi zaidi Ufaransa, akapita Uholanzi na Ujerumani. Septemba 3, 1922 akafanya onyesho lake la kwanza Marekani, karibu na New York, kwenye hafla ya kuwaenzi askari weusi wa Kikosi cha 369 waliopigana vitani. Wiki chache baadaye akarusha ndege Chicago, mji uleule aliokuwa akitengeneza kucha.

Mwaka 1923, Los Angeles, injini ilimzimikia muda mfupi baada ya kupaa. Ndege ikaanguka, Bessie akavunjika mguu na mbavu. Ilimchukua muda mrefu kurudi angani, lakini alirudi.

Msimamo wake

Kilichokuwa kinamsukuma hakikuwa makofi ya watazamaji tu. Alitaka kufungua shule ya urubani ya watu weusi, ili kijana mwingine asilazimike kuvuka bahari kutafuta mwalimu. Kila onyesho na kila mhadhara aliotoa makanisani na kwenye kumbi ulikuwa wa kutafuta pesa ya shule hiyo.

Wakati mwingine msimamo ulimgharimu. Alipewa nafasi kwenye filamu, akakubali, lakini alipogundua kuwa anatakiwa kuonekana mwanzoni akiwa na nguo zilizochakaa, fimbo mkononi na mzigo mgongoni, akaikataa. Hakutaka kuwachora watu weusi hivyo.

Mwaka 1925 alirudi Texas. Huko Waxahachie, mji wa utoto wake, waandaaji walipanga lango la wazungu na lango la weusi. Bessie akagoma: bila lango moja, haruki. Wakakubali, ingawa ndani watu waliendelea kukaa kwa kutengwa. Lilikuwa lango moja tu, ila kwa Texas ya miaka ile halikuwa jambo dogo.

Spana moja

Aprili 1926 alikuwa Jacksonville, Florida, akijiandaa kwa onyesho. Alikuwa amenunua ndege kuukuu aina ya Curtiss JN-4, na fundi wake, William Wills, ndiye aliyeileta kutoka Dallas. Njiani ilimlazimu kutua kwa dharura mara tatu. Dalili zilikuwa wazi kwamba ndege ile haikuwa na afya.

Asubuhi ya Aprili 30 wawili hao walipaa kwa majaribio, Wills akiiongoza. Bessie hakufunga mkanda, maana alitaka kuchungulia nje aone mahali pa kutua na parachuti kwenye onyesho la kesho yake. Ghafla ndege ikaelekeza pua chini kwa kasi, ikaanza kuzunguka, ikapinduka. Bessie akarushwa nje kutoka mamia ya mita juu. Alikuwa na miaka 34. Wills alikufa ndege ilipogonga ardhi.

Baadaye ilibainika kuwa spana iliyosahaulika ndani ya ndege ilikuwa imekwama kwenye mitambo ya kuongozea. Si dhoruba wala ufundi wa hatari wa maonyesho. Ni kifaa kimoja kilichoachwa mahali pasipo pake.

Siku 20 baadaye, Mei 20, 1926, Rais Calvin Coolidge alisaini sheria ya kwanza ya serikali kuu ya Marekani ya usafiri wa anga, iliyoanzisha utaratibu wa kuwapa leseni marubani na kukagua ubora wa ndege. Mpaka wakati huo, Marekani haikuwa na leseni ya serikali kuu kwa rubani yeyote. Bessie alikuwa na ya kwake tangu 1921.

Alichoacha

Maelfu ya watu walijitokeza kumuaga Chicago, na mwanaharakati Ida B. Wells aliongoza ibada. Shule aliyoiota hakuiona. Ila mwaka 1929 rubani mweusi William Powell alianzisha klabu ya urubani yenye jina la Bessie Coleman huko Los Angeles, na kuanzia 1931 marubani weusi wakaanza desturi ya kuruka juu ya kaburi lake karibu na Chicago. Mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za mbali, alibeba picha ya Bessie.

Leo hii mwanafunzi anayekwenda kufanya mtihani wa leseni binafsi anakaa kwanza mbele ya mtahini na kuulizwa maswali ya mdomo: hali ya hewa, hati za ndege, uzito, mafuta. Kisha wanatoka nje kwenye ndege. Kabla injini haijawashwa, mtahini anamwangalia akiizunguka ndege, akihakikisha fimbo na mkia vinacheza bila kukwama, na akikumbusha kila aliyemo afunge mkanda.